Luminara ya San Ranieri, Pisa: naweza kumpeleka mzee na mtoto usiku ule?

BintiSaidi

Assalaam alaykum wanajukwaa. Juni nitakuwa Florence kwa wiki moja na baba yangu (miaka 71, goti la kushoto linamsumbua) na mwanangu wa miaka sita. Mwenzangu kazini kaniambia nisiondoke Toscana bila kuiona Luminara ya Pisa, usiku wa tarehe 16, kingo zote za mto zinapowashwa mishumaa kwa heshima ya San Ranieri, mtakatifu msimamizi wa mji. Picha nimeziona, na tangu siku ile sijatulia.

Nina maswali matatu. Tusimame wapi ambapo baba atapata pa kukaa na mtoto hatakanyagwa? Tutapata usafiri wa kurudi Florence usiku uleule? La tatu kauliza baba mwenyewe, na sikuwa na jibu: sisi ni Waislamu, na hili ni jambo la kanisa. Tukienda tutakuwa tumeingia kwenye ibada ya watu?

Naomba anijibu mtu aliyefika, maana ya kusoma nimeshasoma.

Dirisha_la_Arno

Wa alaykum salaam dada, na mzee mfikishie shikamoo yangu.

Pisa huu ni mwaka wangu wa tisa. Namtunza bibi mmoja wa miaka 88, na nyumba yake ina madirisha manne yanayotazama mto Arno. Kila Juni mishumaa ya madirisha hayo nawasha mimi, kwa hiyo nitakuambia ninachokijua kwa mikono yangu.

Siku nyingi kabla ya sikukuu mafundi huanza kufunga viunzi vya mbao nyeupe kwenye kuta za nyumba za pande zote mbili za mto. Wenyewe huviita biancheria. Kila nyumba ina viunzi vyake, vimekatwa kufuata madirisha yake, matao yake, hata ukingo wa paa lake. Juu ya viunzi hivyo hutundikwa vibilauri vya kioo, na ndani ya kila kibilauri mna mshumaa. Jumla yake ni yapata 70,000. Usiku ukiingia taa za barabarani huzimwa. Ukuta wa nyumba unamezwa na giza, unabaki umbo lake tu limechorwa kwa moto, na umbo lilelile linalala chini kwenye maji likitikisika. Mishumaa mingine huachwa ielee mtoni. Ule Mnara Ulioinama nao huwashwa, ila kule hutumia taa za mafuta kama zamani.

Sasa nikuambie jambo ambalo wageni wengi hulikosa. Wanafika saa nne usiku, wanasubiri fataki za saa tano na nusu, zikiisha wanakimbilia stesheni. Wakienda nyumbani wanasema wameiona Luminara. Dada yangu, Luminara ni kule kuwasha. Mwezi Juni jua la Pisa linazama karibu saa tatu usiku, na kuwasha huanza bado mchana mweupe, maana mishumaa elfu nyingi haiwashwi kwa swichi. Watu wako juu ya ngazi, wengine kwenye winchi za kunyanyulia watu, wengine wameinama madirishani na vijiti virefu vyenye moto. Mwanzoni huoni kitu, mwali hauonekani kwenye mwanga wa jua. Mara anga inaanza kuwa ya bluu iliyokolea, na nyumba ya ng'ambo ambayo ulidhani haijawashwa unaikuta inawaka yote. Hakuna anayeweza kukuambia ni dakika ipi imegeuka. Mimi miaka yote hiyo nimeitafuta dakika hiyo nikiwa dirishani, na bado hunipita.

Kwa hiyo fikeni mapema. Saa kumi na moja jioni muwe mmeshuka Pisa Centrale.

Kuhusu pa kusimama: kutoka stesheni umati wote hufuata Corso Italia moja kwa moja hadi Ponte di Mezzo. Msiende huko. Mwaka wangu wa pili nilipewa ruhusa ya usiku mmoja nikaenda kusimama juu ya daraja lile. Nilikaa zaidi ya saa moja bila kuweza kugeuza hata mabega, na mama mmoja mbele yangu mtoto wake analia nami siwezi kumsaidia. Nyinyi shikeni Via Crispi, inawatoa Ponte Solferino. Msivuke. Kateni kushoto mfuate Lungarno Sonnino (lungarno ni barabara ya kando ya mto) mpaka kanisa la San Paolo a Ripa d'Arno, kanisa la zamani lenye uwanja wa majani mbele yake. Mzee atakaa pale na kigoda chake cha kukunja (nunueni Florence, msije mikono mitupu), mtoto atapata pa kuchezea, na mwanga ukishakolea mtarudi polepole hadi Solferino mtazame upande wa juu wa mto. Hapo Arno inapinda, na nyumba za Lungarno Pacinotti na Gambacorti zinajikunja pamoja nayo, na kikanisa cha Santa Maria della Spina kiko mkono wenu wa kulia, kidogo, kina minara kama miiba. Mimi mahali hapo napapenda kuliko dirisha langu.

Jambo moja la mtoto: kingo za mto zina ukuta mfupi na watu hupenda kuukalia. Nyuma yake ni kuporomoka hadi kwenye maji. Asipande hata kwa picha.

Swali la mzee nitalirudia nikishamlisha bibi. Si swali la kujibu kwa haraka.

Kasia_la_Kijani

Dada kamaliza kuhusu usiku, mimi niongeze mchana wake. Nimesoma Pisa miaka minne na nilikuwa nikipanga chumba mtaa wa Sant'Antonio, ndiyo maana ya rangi kwenye jina langu.

BintiSaidi, kama ratiba inaruhusu, tarehe 17 msiiache. Hiyo ndiyo siku yenyewe ya San Ranieri, ya 16 ni mkesha. Jioni yake kuna Palio, mashindano ya mashua ya mitaa minne ya zamani: Santa Maria wana buluu ya anga, San Francesco njano, San Martino nyekundu, Sant'Antonio kijani. Kila mashua ina wapiga makasia wanane, mshika usukani, na mtu mmoja zaidi anayeitwa montatore. Wanaanzia daraja la reli, wanapiga mita 1,500 kwenda Palazzo Medici, na wanakwenda kinyume cha mkondo.

Kufika kwanza hakutoshi. Pale mwisho kuna mashua imetia nanga katikati ya mto, ina mlingoti wa mita 10 hivi na kamba nene zinashuka kutoka juu. Montatore anaruka, anakamata kamba, anapanda kwa mikono hadi kileleni kunyakua bendera. Ya buluu ni ya ushindi. Nimeona mashua iliyotangulia ikishindwa kwa sababu mpandaji wake aliishiwa nguvu nusu ya kamba, na wenzake wanane chini wameinua vichwa, makasia mikononi, hawana la kumfanyia. Uwanja mzima ulinyamaza. Sijaona mchezo mwingine unaombebesha mtu mmoja kazi ya watu tisa namna hiyo.

Wa mwisho wanapewa mabata bukini wawili. Mtoto wako atakumbuka hilo kuliko yote.

Mchana wa tarehe 17 ni mapumziko ya kisheria Pisa nzima, kwa hiyo benki, posta na ofisi zimefungwa. Toeni hela mapema.

Mzee_wa_Reli

Mimi nawasemea treni tu. Florence hadi Pisa ni kama saa moja kwa treni ya mkoa. Tatizo halipo kwenye kwenda. Fataki zikiisha watu wote wanaamua kurudi kwa dakika zilezile. Mwaka niliokwenda na mke wangu tulipitwa na treni mbili kwa sababu ya msongamano wa kwenye ngazi za stesheni, ya tatu haikuwepo, tukalala kwenye benchi mpaka alfajiri. Sisi tulikuwa wazima. Kwa mzee mwenye goti na mtoto wa miaka sita silikubali.

Laleni Pisa, upande wa kusini wa stesheni ambako ni mbali na mto, na chumba mkiweke miezi kabla. Mkikosa, Pontedera iko kwenye njia hiyohiyo ya Florence na ni kama robo saa tu. Tiketi ya karatasi kumbukeni kuigonga kwenye mashine kabla ya kupanda, faini yao haina huruma kwa mgeni.

Au mngoje tarehe 24 huko huko Florence. Ni San Giovanni, msimamizi wa Florence, na fataki zao hupigwa kutoka Piazzale Michelangelo juu ya Arno ileile. Hamna haja ya treni.

BintiSaidi

Asanteni sana, hata sikutegemea majibu ya namna hii. Mzee wa Reli, tarehe 24 tutakuwa tumeshaondoka. Nimemsomea baba yote, kaguswa na yule mpandaji wa kamba. Lakini bado ananiuliza: huyo San Ranieri alikuwa nani, na sisi tutakuwa tunafanya nini pale? Dada wa Dirisha, nakungoja. Na chakula je? Nguruwe yuko kila mahali huku.

Dirisha_la_Arno

Nimerudi. Bibi kalala.

Nilimuuliza yeye kwanza, maana ni mtu wa kanisa kuliko mimi. Alinijibu kwamba ya kanisani iko kanisani: Misa ya askofu mkuu ni tarehe 17 katika Kanisa Kuu, na anayeitaka huifuata huko. Usiku wa mkesha kando ya mto watu wanatembea, wanakula, wanakaa na majirani, wanatazama moto. Hamtaambiwa mpige magoti wala mwimbe. Hakuna atakayewauliza dini yenu. Nimewaona Wasenegali, Wabangladeshi na Wamoroko wanaoishi hapa wakija na familia zao na mazulia yao ya kukalia, kila mwaka. Mwambie mzee pia kwamba Magharibi itamkuta pale pale kwenye majani ya San Paolo, wakati uleule mishumaa inapoanza kuonekana.

Ranieri mwenyewe alikuwa mtoto wa mfanyabiashara tajiri wa Pisa, karne ya 12. Ujana wake aliumalizia kwenye ala na karamu. Kisha akakutana na mtu wa Mungu, akageuka kabisa. Alisafiri hadi Nchi Takatifu akiwa bado na bidhaa za biashara, huko akagawa mali yote kwa maskini, akaishi miaka mingi Yerusalemu kwa kuombaomba na kufunga. Akarudi Pisa, akafa karibu mwaka 1160. Hakuwa padri hata siku moja. Watu walimletea wagonjwa, naye akibariki maji na mkate anawapa, ndiyo maana wengine walimwita Ranieri wa Maji. Mimi hilo jina hunijia kila ninapoinama dirishani usiku ule, kwa sababu moto wote ule mwisho wake ni majini.

Mishumaa ilikuja baadaye sana. Mwaka 1688 mwili wake ulihamishiwa kwenye jeneza jipya la fahari ndani ya Kanisa Kuu, kwa matakwa ya Cosimo III de' Medici, na mji ukawashwa taa kusherehekea. Walipenda walichokiona wakaendelea kukirudia. Haikuwa bila kukatika. Bibi anakumbuka mafuriko ya Novemba 1966: Arno ilijaa, na tarehe 13 mwezi huo Ponte Solferino, la zamani, likaanguka mtoni. Ananiambia kilichomtisha si maji yenyewe, ila kuona kingo za mto zikimomonyoka mbele ya milango ya watu. Luminara ilisimama. Iliporudi, anasema, baba yake aliyekuwa mtu mkimya aliwasha mishumaa yote ya madirisha manne peke yake na hakumruhusu mtu kumsaidia.

Huyo ndiye anayenifanya niwakasirikie wanaofika saa nne. Kwa watu wa nyumba hizi, kila kibilauri kina mkono uliokiwasha. Mwaka jana bibi hakuweza kusimama muda mrefu. Nilimsogeza na kiti hadi dirishani, nikamshika kiuno, akawasha kimoja. Ilimchukua majaribio matatu kwa sababu ya upepo wa baharini. Kiliposhika akasema haya sasa, endelea wewe.

Chakula: tafuteni cecina. Ni unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni na chumvi, unamwagwa kwenye sinia kubwa na kuokwa kwenye tanuri kali mpaka juu uwe na rangi ya dhahabu. Haina nyama ya aina yoyote. Inauzwa kwenye maduka ya piza, inapimwa kwa kipande, na pilipili manga juu yake. Lakini kipande kikitiwa ndani ya mkate ulizeni hicho kingine kilichomo. Mkate wa huku hauna chumvi, mzee asidhani umesahauliwa. Maji bebeni kwenye chupa za plastiki. Miaka mingi sasa usiku ule vioo haviruhusiwi kando ya mto, na ni jambo la busara kwa sababu watoto hutembea peku.

Na kama mzee ana nafasi asubuhi ya tarehe 17, mpelekeni Camposanto, lile jengo refu jeupe kando ya Kanisa Kuu. Maisha ya Ranieri yamechorwa ukutani mle tangu karne ya 14. Kuna picha ya mwenye baa anayechanganya mvinyo na maji ili awapunje wateja, na Ranieri anamfichua: juu ya pipa kuna shetani katika umbo la paka. Michoro ile iliungua Julai 1944, kombora la mzinga liliwasha paa, na madini ya risasi yaliyoezekea paa yakayeyuka yakatiririka ukutani. Kilichopo leo kimeokolewa kipande kwa kipande. Mzee asiyetaka picha za watakatifu atatazama paka.

Kasia_la_Kijani

Naongeza kidogo kwa faida ya watakaosoma baadaye: tarehe hazisogezwi ziangukie wikiendi. 16 ni 16 hata ikiwa Jumanne. Kinachopangwa Jumamosi ni Gioco del Ponte mwishoni mwa Juni, pande mbili za mji zinasukumana kwa mkokoteni mzito juu ya reli katikati ya Ponte di Mezzo. Nayo ni nzuri, lakini haina mto ndani yake, kwa maoni yangu.

BintiSaidi

Leo ni tarehe 18, tuko kwenye treni ya kurudi Florence na nimeona niandike kabla sijasahau.

Tulilala Pontedera. Tulifika San Paolo saa kumi na moja na nusu, tukakuta familia chache tu. Baba alikaa kwenye kigoda chake, akala cecina vipande vitatu. Kijana mmoja alikuwa akiwasha viunzi vya nyumba ya pili kutoka tulipo, na mwanangu alimhesabia mpaka mia na kumi, akachoka. Baba aliswali Magharibi kwenye majani. Alipogeuza uso kutoa salamu upande wa kushoto, mto ulikuwa umewaka. Hakusema kitu. Alikaa vilevile kwenye mkeka, miguu ameikunja licha ya goti, mpaka nikaenda kumwinua.

Fataki tulizisikia zaidi ya kuziona kwa sababu mtoto aliogopa mshindo, zinapigwa karibu sana na pale, upande wa Cittadella, ile ngome ya zamani. Anayekuja na mtoto mdogo ajue hilo, asogee mbali kidogo kabla ya saa tano na nusu.

Palio tumeiona. Sant'Antonio hawakushinda, pole Kasia. Mabata yameonekana.

Dada wa Dirisha, nilijaribu kukisia madirisha yako ni yapi, nikayapungia manne ambayo huenda si yenyewe. Baba ana swali moja la mwisho: baada ya watu kuondoka, nani anazima mishumaa yote ile?

Dirisha_la_Arno

Mwambie mzee haizimwi. Inaachwa imalize nta yake. Baada ya fataki mimi hurudi dirishani, barabara imebaki na wafagiaji tu, na viunzi vinaanza kupata mapengo, hapa na pale, mpaka umbo la nyumba halisomeki tena. Ya kwetu ya mwisho juzi ilikuwa kwenye dirisha la tatu, kona ya chini kushoto. Ilifika karibu saa nane usiku. Ni ile aliyowasha bibi.